Kivuli cha Frenki na Mbwa Mwenye Kengele

Niliondoka nyumbani Katubuka kwa kumsikiliza muuguzi mmoja na kuamini tangazo moja. Muuguzi alinipima presha, akaguna, akaniambia nitembee kila siku mahali penye kivuli. Mahali hapo ni wapi, hakusema. Mtaani kwetu kila mtu amejenga mpaka mwisho wa kiwanja chake, miti imegeuka kuni, na kivuli kilichobaki ni cha ukuta wa jirani, nacho anakikalia mwenyewe. Wiki hiyohiyo binti yangu aliyeko Mwanza, ambaye hunitumia ushauri badala ya kuja, akanitumia tangazo kwenye simu: njoo utembee na mbwa wako katika njia ya asili karibu na Ziwa Tanganyika, kivuli mwanzo mwisho. Chini yake palikuwa na picha ya msitu wenye ukungu na mbwa wa manyoya marefu. Mbwa wa namna ile akiletwa Kigoma hafiki saa sita mchana.

Mbwa ninaye, ingawa sikumtafuta. Aliachwa na mpangaji wangu aliyehamishwa kikazi kwenda Mpanda, akaniomba nimshikie kidogo tu, na kidogo hicho kimekuwa miaka. Anaitwa Watasema. Huku kwetu mtu mwenye neno na majirani hawaambii usoni. Humpa mbwa wake jina, halafu humwita kwa sauti asubuhi watu wakiwa wanafagia. Mpangaji alihama na ugomvi wake ukaisha, mimi nikabaki naita. Ni mbwa mkubwa, rangi ya udongo, na kazi yake hapa duniani sijaijua bado. Kwa kuwa akiachwa peke yake hulia mpaka mtaa mzima unakuja mlangoni kwangu, nilikwenda naye.

Asubuhi, saa ya wafanyakazi kwenda kazini, mwenye tangazo alifika na gari aina ya Noah. Jina lake Frenki, mtu wa kama miaka thelathini, mwenye kofia ya kamba kidevuni na viatu vya mlimani ambavyo havijawahi kuona mlima. Nilichungulia ndani ya gari. Hapakuwa na mtu.

"Wenzetu wako wapi?" nikamuuliza.

"Shikamoo, mama yangu. Wako njiani, usiwaze. Wengine tutawakuta mbele."

Mbele yote tuliyokwenda siku ile hatukumkuta mtu. Watasema alipanda siti ya nyuma, akatapika kabla hatujaiona barabara ya Ujiji, kisha akalala pembeni ya matapishi yake kwa amani kabisa. Frenki alifungua madirisha yote na kuniambia hiyo nayo ni sehemu ya utalii.

Ujiji tulisimama kwa Bi Zuhura, niliyesoma naye shule ya msingi, kwa sababu Frenki alisema anakwenda sokoni mara moja. Bi Zuhura alinipa chai na maandazi barazani, akamtazama Watasema aliyefungwa kwenye nguzo ya umeme. Mbwa haingii nyumbani kwake wala hagusi chombo chake, na hilo nalijua tangu utotoni. Hata hivyo alitafuta kopo la rangi lililotoboka juu, akalijaza maji, akalisogeza kwa fimbo mpaka likamfikia.

"Mama Deo, unakwenda kutembea tu?" akauliza. "Hakuna msiba, hakuna harusi, hakuna mgonjwa?"

"Kutembea tu."

"Na huyu?"

"Na huyu."

Akaninyooshea sahani ya maandazi tena, kama vile mgonjwa ni mimi.

Frenki alirudi na kengele. Ilikuwa ya mbao, pana kama kiganja, ina ulimi wa mti ndani na ukanda wa ngozi, na mdomoni ilikuwa imesongwa majani makavu. Alisema ameinunua kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kizamani, na kwamba mbwa akiivaa picha zitapendeza. Akayachomoa yale majani kwa kidole, akayatupa barabarani, akaitikisa. Ililia kolo, kolo. Mimi nimezaliwa na Waha wa Kasulu lakini nimekulia mjini. Kengele ya mbwa nilikuwa nimeisikia kwenye hadithi za babu tu. Nilichofikiri ni kwamba Watasema ataonekana mpumbavu, na kweli alionekana.

Barabara ya kwenda Ilagala tuliifuata kwa muda, kisha tukaiacha na kuingia ya vumbi kati ya michikichi na mihogo, mpaka kijiji kimoja ambacho sitakitaja, maana watu wake hawana kosa. Hapo Frenki aliegesha gari, akanyoosha mkono kuelekea mlimani, akatangaza kwamba njia ya asili inaanzia pale.

Saa nne tulianza kupanda. Kuhusu kivuli, niseme kweli: miti ilikuwepo, ila ilikuwa imelala. Pande zote ni visiki, na kati ya visiki majivu ya tanuri za mkaa. Jua lilinipiga utosini bila kizuizi. Kisiki cha kwanza Frenki alikiita mahali pa kupumzikia. Cha pili alikiita mahali pa kutazamia mandhari, na mandhari yenyewe ni visiki vingine, na ziwa mbali likiwa jeupe kwa mng'ao. Nilimuuliza kivuli cha kwenye tangazo kiko wapi.

"Kinakuja, mama. Asili haina haraka."

Mtu aliyepanda mlima akiwa na presha anaambiwa asili haina haraka. Pumzi niliyokuwa nayo nikaitumia kupanda. Watasema alitembea nyuma yangu, akikanyaga kivuli changu, ndicho pekee kilichokuwepo, na kengele yake ikilia kila hatua.

Saa sita ilipopita kidogo njia iliteremka bondeni, na bonde lilikuwa na kijito, na kijito kilikuwa na msitu. Huo ulikuwa msitu wa kweli. Miti mikubwa, baridi ghafla shingoni, maji yakisikika chini ya majani. Nilikaa juu ya mzizi, nikavua viatu, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na la kulalamikia. Frenki alianza kutupiga picha. Akanisihi nimtembeze mbwa huku na huku ili kengele isikike kwenye video, na mimi, kwa ule utulivu ulionijia, nikakubali.

Hatukumaliza hata mzunguko mmoja. Walitokea watu wawili kutoka upande wa maji, mmoja mwanamke wa makamo mwenye kitenge kiunoni na panga mkononi, mwingine mwanamume mrefu mwenye rungu. Walikuwa walinzi wa msitu wa kijiji. Mwanamke ndiye aliyekuwa mkubwa. Mwenzake alimwita Mama Neema, na yeye alimwita mwenzake Bitura.

"Msasi ni nani hapa?" akauliza Mama Neema, bila salamu.

"Hakuna anayewinda," nikasema. "Tunatembea."

"Mnatembea na mbwa mwenye kengele." Akainama, akaingiza kidole ndani ya kengele. "Na mmeizibua. Mbwa wa msasi njiani huzibwa kengele kwa majani, asisikike. Windo likianza ndipo huzibuliwa. Tangu mko kule juu tunawasikia."

Bitura akamwambia mwenzake kwa Kiha ashike kamba vizuri, yeye ampige mbwa mara moja tu, asiteseke. Hakujua kwamba naelewa. Nikaizungusha kamba mara mbili mkononi mwangu.

Mama Neema alinieleza kama anayemweleza mgeni bei ya nyanya. Wasasi wamewamalizia pongo wote, wale swala wa msituni, na mkutano wa kijiji ulikwisha amua: mbwa wa kengele akikutwa ndani ya msitu anauawa papo hapo, mwenyewe anapelekwa kwa mtendaji. Nilimgeukia Frenki, bwana asili, mwenye kofia, aseme neno.

"Mimi nasindikiza tu," akasema. "Mbwa ni wa huyu mama."

"Na kengele?" nikamuuliza.

"Kengele ilikuwa ya picha."

Nimewahi kuona wanaume wakikimbia. Huyu alikimbia akiwa amesimama.

Basi nikamtetea Watasema kwa njia niliyoijua, yaani kwa kumtukana. Niliwaambia mbwa huyu hajawahi kukamata hata panya. Kuku wangu humfukuza kwenye chakula chake mwenyewe. Siku mwizi alipoingia uani, mbwa alimtangulia kujificha, na mwizi alipoondoka ilibidi nimvute mimi kutoka uvunguni. Anakula dagaa na ugali, anaogopa mvua, anaogopa mwavuli. Bitura alitaka kuhakikisha. Alipiga mluzi ule wa wasasi, mrefu, wa kupanda mwishoni, ambao mbwa wa kazi akiusikia huchomoka. Watasema alijitupa chali, miguu juu, akajikojolea tumboni.

Bitura alicheka. Mama Neema hakucheka.

"Nimeamini si wa kuwinda," akasema. "Halindi, hawindi, na wewe mwenyewe humtaki, umemsema vibaya kuliko nilivyosikia mtu akimsema mbwa. Sasa tukimpiga unapoteza nini? Nikimwachia huyu, kesho msasi atakuja na hadithi kama yako."

Nilifungua mdomo kumjibu jibu la kumkomesha, maana majibu hayo sijawahi kukosa tangu nizaliwe. Halikuja. Nilichosikia kikitoka ni sauti nisiyoipenda, ya mtu anayeomba.

"Watoto wangu wote wako mbali," nikasema. "Nikiamka ndiye ninayeongea naye. Mkimuua, itabidi ninyamaze."

Mama Neema alikata ukanda wa kengele kwa ncha ya panga, akaitia kengele kwenye kibindo chake.

"Hii inabaki. Mtoe msituni sasa hivi, kwa njia mliyojia. Akibaki huku ndani nafuata sheria."

Lakini Watasema hakuwa na miguu tena. Nilimvuta kwa kamba, akalala. Nilimsukuma, akalala zaidi. Frenki alisema yeye ana mgongo mbovu. Nikafungua kitenge changu cha juu, nikachuchumaa, nikamwambia Bitura anipandishie. Na mimi, mwanamke wa presha, mama mkwe wa watu, nikambeba mbwa mgongoni kama mtoto, miguu yake miwili ikining'inia mabegani kwangu na mkojo wake ukishuka kwenye blauzi ya kanisani. Mama Neema alinitazama nikihangaika na fundo, akaja akalikaza mwenyewe, akaingiza ncha ya kitenge ndani.

Pale kijito kinapotokea nje ya msitu palikuwa na wanawake wanachota maji. Waliponiona waliweka ndoo chini. Mmoja aliita wengine waje haraka wasikose. Walicheka mpaka wakashikana.

"Mwidiwe, mama!" akanisalimu mmoja kwa Kiha. "Huyo ni wa ngapi?"

"Ni kitinda mimba," nikamjibu. "Chekeni, ila nipisheni njia. Ni mzito."

Jioni tulirudi Kigoma. Frenki aliendesha mpaka karibu na kwangu, ndipo akaomba nimwandikie maneno mazuri kwenye ukurasa wake, kwamba nilifurahia. Nimeandika haya.

Wanaoniuliza nilijifunza nini nawaambia kwamba kengele ya mbwa si pambo, kwamba msitu uliobaki Kigoma umebaki kwa sababu ya watu kama Mama Neema na si kwa sababu ya watu wenye kofia, na kwamba mgongo wangu ni mzima kuliko presha yangu. Lingine nilijifunza bila kutaka. Nilikwenda kutafuta kivuli, nikarudi nampenda mbwa asiye na faida. Kama ningeulizwa, ningechagua kivuli. Hakuna aliyeniuliza.