Utani Kwenye Mashine ya Unga

Bajaji imeshaacha lami, dereva ameshauliza njia zaidi ya mara moja, na mgeni wa Mikocheni bado anashangaa: ukuta wa nyumba ya kifahari, karakana ya aluminiamu, shule ya chekechea, ghala la rangi, kisha ukuta mwingine wenye maua. Kibao hakuna. Kiwanda cha mikate cha Bi Bahiya unakipata kwa pua. Ukisikia harufu ya skonzi, mwambie dereva asimame.

Nyuma ya geti la bati la kiwanda hicho, zamu yetu ya asubuhi ilikuwa ya Mwinjuma, Mzaramo wa Yombo, mtu mfupi mwenye sauti inayoipita mashine. Alianza hapo akibeba magunia enzi za baba yake Bi Bahiya, akapanda mpaka akawa msimamizi, na kila alichokijua alifundishwa kwa kukaripiwa. Kwa hiyo naye alikaripia. Aliyeunguza trei alikaripiwa. Aliyesema mashine ina mlio mbaya alikaripiwa kwa kujifanya fundi. Kila asubuhi zamu nzima ilimwamkia shikamoo, yeye akaitika marahaba, na baada ya hapo hakuna aliyefungua mdomo.

Kimya kile kilikuwa na gharama. Mikate ilirudi kutoka madukani imekaa kama tofali. Vijana waliondoka mara tu walipoijua kazi, wakaenda kuoka kwa wengine, na wapya wakaanza upya kuunguza. Siku moja hamira ililala wazi kwenye unyevu wa masika. Wote tuliiona. Wote tuliiacha ikaingia kwenye unga, kwa sababu mzee ndiye aliyeipima, na mzee haambiwi. Mzigo mzima ukaishia kwa wafuga kuku.

Mteja wetu mkubwa, mwenye supamaketi barabara ya Bagamoyo, akatoa onyo: mzigo mbovu mmoja tena, basi. Bi Bahiya akamwita Mwinjuma ofisini.

"Kaka Mwinjuma, mie nimekulia mikononi mwako humu ndani. Lakini hali hii siiwezi. Nimetafuta kochi wa uongozi akae na wewe. Ikishindikana, utarudi stoo."

"Kochi? Kwani tunacheza ligi?"

"Tunacheza, kaka. Na tunashuka daraja."

Stoo! Kwa mtu wa umri wake, kurudi kupanga magunia mbele ya watu aliokuwa akiwaamuru ni sawa na kuvuliwa shati sokoni. Akakubali, shingo upande.

Kochi mwenyewe aliitwa Naima. Alikuwa mdogo wa kuweza kuwa binti yake, akavaa kofia ya nywele kama wengine, na kabla ya neno lolote akasema, "Shikamoo, Mzee Mwinjuma." Hilo lilimpunguzia mzee nusu ya ubishi. Nusu iliyobaki ilimtosha kwa wiki za mwanzo, maana Naima hakufundisha kitu. Aliuliza tu. Nani alijua kwamba hamira imeharibika?

"Hakuna. Wangejua wangesema."

"Wangemwambia nani, mzee?"

Mwinjuma akaondoka kwenda kukagua oveni ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Naima naye alikosea. Aliitisha kikao, akawaambia watu waseme lolote, hakuna wa kuadhibiwa. Watu wakatazama viatu vyao. Mwishowe Benson, mtu wa oveni, akajibu kwa niaba ya wote: "Sie hatuna ishu, sista. Hapa tunaishi kama familia." Na kweli waliishi kama familia, ile ambayo baba akiingia, redio inazimwa.

Njia ilifunguka wakati wa chai. Yustina, Msukuma wa Kahama aliyekuwa akifungasha mikate kule kona ya mwisho, alipita na kikombe chake.

"We Mzaramo, tumbo hilo limeumuka kuliko mikate yako. Hamira yote unakula wewe?"

Naima akageuka kumtazama mzee. Mwinjuma akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Nenda zako, Msukuma! Juzi tu umeshuka kwenye treni umekumbatia viazi, leo unanifundisha mjini?"

"Bora viazi vyangu vinaliwa. Mikate yako hata kuku wanauliza kaioka nani."

Watu wakacheka, ingawa kwanza walitazamana kama inaruhusiwa.

"Huyu mbona humkaripii?" Naima akamuuliza baadaye.

"Nimkaripie vipi, mwanangu? Ni mtani wangu. Wazaramo na Wasukuma tunataniana tangu enzi za mababu. Hata nikifa, atakuja kulala kaburini mwangu agome kutoka mpaka apewe chochote."

"Kumbe yupo mtu anayeweza kukwambia umekosea. Umemweka wapi?"

Mwinjuma akaitazama ile kona ya mwisho, mahali ambapo mkate ukifika umeshaharibika au umeshapona. Kesho yake Yustina alikuwa kwenye mashine ya kukandia, ubavuni kwake.

Utani wa kwenye chai ni mwepesi. Utani wa kwenye mashine, zamu nzima ikisikia, unachoma. Mara ya kwanza Yustina alipopaza sauti, "Mzaramo, huu unga au uji wa mzazi?", Mwinjuma alifoka kama zamani, akatoka nje, akasimama kwenye matangi ya maji. Naima akamfuata.

"Amekosea?"

"Hajakosea. Lakini vijana wamesikia."

"Na kesho wakiona kosa, unataka wakumbuke nini?"

Akanawa uso. Kisha akarudi ndani. "Msukuma kasema kweli. Maji yamezidi. Ongezeni unga." Hakuna gunia alilowahi kubeba ambalo lilikuwa zito kama sentensi ile.

Kisha ikaja asubuhi ya mzigo wa supamaketi. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi, muda ulikuwa umebana, gari lilikuwa limeshawasha injini. Mwinjuma akatupia jicho kipimo cha oveni. "Ingiza!"

Trei hazikuingia. Benson alikuwa ameshika toroli, hasogei.

"Mzee, samahani," akasema. "Mie si mtani wako."

Hata Yustina aliizima mashine yake.

"Oveni upande wa kushoto haijashika moto. Kipimo kinadanganya tangu jana."

Tangu jana! Mwinjuma wa zamani angeanzia hapo hapo. Mdomo ulishafunguka, mshipa wa shingo ulishasimama, na zamu nzima ilikuwa inamtazama yeye, si oveni.

"Rudisha trei nyuma," akasema. "Tunaoka upande wa kulia tu, kwa awamu. Mwambieni dereva azime gari." Akalishika toroli mwenyewe. "Asante, Benson."

"Jamani!" Yustina akapiga kofi. "Mzaramo kashukuru! Leo mvua itanyesha!"

Kicheko kilichofuata hakikuomba ruhusa kwa mtu. Wakaoka kwa awamu, wakikimbizana na toroli, na mzigo ukafika umechelewa lakini laini kama pamba. Mchana Bi Bahiya alishuka mwenyewe kutoka ofisini: supamaketi imechukua yote, na inataka zaidi. Watu wakapiga trei kama ngoma za harusi, na Mwinjuma akacheza katikati, unga mpaka kwenye nyusi.

Tangu hapo makosa yalisemwa yakiwa bado madogo. Mikate ikaacha kurudi, watu wakaacha kuondoka, na hata mmoja wa walioondoka akaja getini kuulizia nafasi. Bi Bahiya alipofungua kiwanda cha pili Tegeta, hakutangaza kazi ya meneja. Alimwita Mwinjuma.

Siku ya kuondoka alivaa kanzu iliyonyooshwa vizuri, akamkabidhi Yustina zamu, na akaaga watu mmoja mmoja. Naima akamuuliza ataanzaje kule, kwa watu wasiomjua, watakaomwamkia na kunyamaza.

"Nitawaambia juu ya hamira," akasema. "Kwamba niliipima mimi."

Akapanda mbele, kando ya dereva. Gari likakata kona kuelekea barabara ya Bagamoyo, mkono wake ukipunga dirishani. Sie tukarudi ndani. Skonzi za mchana zilikuwa zimeiva.