Kutumwa Bila Karatasi

Mzazi akiniuliza mtoto wake ajue nini kabla ya kuingia darasa la kwanza, mimi humrudishia swali: akibanwa na mkojo mbele ya mtu asiyemjua, atasema? Wengine hucheka. Wengine huninunia, maana wamekuja na daftari kunionyesha kwamba mtoto keshafika herufi Z. Herufi zitangoja, mama, hazina miguu. Mtoto ajue kufunga vifungo vya sweta yake. Ajue kupangusa kamasi bila kuita mtu, kungoja zamu yake, kusema jina lake lote na mlango wa nyumba yao. Na akihitaji kitu, afungue mdomo. Hilo la mwisho lilinitoa jasho, na sikulijua mpaka nilipofundishwa na msichana mmoja ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika ukumbi wa mtaa wetu huku Eastlands, Nairobi, upande wa kuelekea Kariobangi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, bila mafunzo yoyote ya ualimu, ila cheti cha kidato cha nne na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Jumamosi ukumbi ulikuwa wa harusi, Jumapili ulikuwa wa kanisa, na Jumatatu asubuhi mimi na watoto arobaini wa nasari tulianza kwa kufagia mifupa ya kuku. Wazazi walitaka kusikia kelele za masomo. Nikiona mzazi anapita dirishani, nilipiga meza na watoto wakaimba A B C mpaka mabati yakatetemeka. Mzazi aliondoka akitabasamu. Haki ya Mungu, nilijiona mwalimu kweli.

Msichana huyo aliletwa na mama yake mwezi wa tano. Mama aliuza sukuma wiki na nyanya kwenye kibanda karibu na geti la mtaa. Alfajiri alikuwa soko kuu la Marigiti akinunua mboga, na kufikia saa mbili mboga zake zilikuwa zimepangwa na kunyunyiziwa maji. Mtoto alikuwa anakaribia miaka saba. Mwanzoni mwa mwaka huo alipelekwa kuandikishwa shule ya msingi iliyo karibu nasi, akaulizwa jina lake, akanyamaza. Akaulizwa rangi ya sweta yake, akanyamaza. Hedimasta akamwambia mama, mbele ya foleni nzima, kwamba mtoto ana shida kichwani.

"Mwalimu, nimekuletea," mama aliniambia, akiangalia viatu vyangu. "Januari wakimkataa tena, nampeleka mashambani kwa dada yangu akamshikie mtoto. Siwezi kukaa na mtoto mkubwa hivi anazunguka tu mtaani nikiwa kazini."

Nilijua maana ya hayo. Msichana akienda kumshikia shangazi au mama mdogo mtoto, hushika wa kwanza, wa pili, wa tatu, na habari ya shule inaishia hapo. Nikamwambia mama aniachie, ndani ya mwezi mmoja atamsikia akisoma.

Wacha nikwambie, mwezi uliisha na sikusikia hata neno. Si kwamba hakujua kitu. Kwa wenzake alikuwa redio: alipanga foleni ya bembea, aliwafunga wadogo kamba za viatu, alihesabu vifuniko vya soda hadi hamsini bila kuruka. Lakini nikimwita mbele, kidevu kilianguka kifuani na mdomo ukajifunga. Nami hasira zangu haziko mbali. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwuliza herufi iliyokuwa ubaoni, nikauliza tena, nikauliza kwa kelele, "Unaniona mimi simba?" Akasimama tu, magoti yamebanana. Halafu nikaona maji yakishuka kwenye soksi zake hadi sakafuni.

Alikuwa amebanwa muda wote huo. Choo kilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, na hakuweza kuniambia. Watoto walicheka, nikawafokea wao, na nikapiga magoti kupangusa sakafu mwenyewe kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazama mtu. Niliona aibu, na sioni haja ya kuitafutia jina jingine. Aliyepaswa kukemewa siku ile ni mimi.

Jioni nilimsindikiza hadi kibandani kwa mama yake, nimejiandaa kuomba radhi. Mama alikuwa na wateja. Alimwona mtoto, akachukua kipande cha karatasi, akaandika "sukari robo, kiberiti," akafungia pesa ndani yake, akampa. Mtoto akakimbia hadi dukani, akanyoosha mkono, akadondosha karatasi juu ya kaunta. Mwenye duka akaifungua, akasoma, akampa vitu. Mtoto akarudi. Hakuna aliyesema hata "hujambo."

"Unaona adabu hiyo?" mama akaniuliza kwa fahari. "Haongei ovyo na watu wazima. Mimi nimemwambia, mkubwa akikusemesha, wewe angalia chini."

Nikasahau kabisa radhi niliyokuja kuomba. Mtaa mzima ulituma watoto hivyo. Hata mimi nilitumwa hivyo, na karatasi imelowa jasho kiganjani. Na adabu yenyewe haikuwa mbaya, mama alikuwa ametoa kilicho bora alichokuwa nacho. Tatizo ni kwamba hedimasta hapewi karatasi.

Jumatatu nikaanzisha somo langu la kutumwa. Nje ya ukumbi, kwenye ukuta, alikaa mzee mmoja fundi wa viatu, na tulikubaliana naye: mtoto akija, asimsemeshe, asimtazame, mpaka mtoto aseme mwenyewe alichotumwa. Kila siku nilituma watoto watatu au wanne. Nenda umwulize mzee ni saa ngapi. Nenda umwambie ticha anaomba kuazima nyundo. Watoto walipenda hata wakawa wanagombania kutumwa. Wazazi walipopita dirishani wakaanza kunung'unika. Ati tunalipia watoto wawe matarishi? Mzazi mmoja alimhamisha wake kwenye nasari ya jirani, ambako A B C iliimbwa kutwa. Nikamwambia safari njema.

Zamu ya msichana wangu ilipofika, alienda, akasimama mbele ya fundi kama dakika kumi, akarudi mikono mitupu. Kesho yake vilevile. Wiki mbili nzima! Nilijiuma ulimi nisipige kelele.

"Mwalimu," fundi alinilalamikia, "huyu mtoto ananikodolea macho mpaka nimejidunga na sindano. Nimwambie tu saa?"

"Thubutu!" nikamwambia. "Shona viatu vyako."

Siku ya kumi na moja au kumi na mbili, niko ubaoni, nikasikia fundi akipiga yowe huko nje. Nikatoka mbio na chaki mkononi. Mzee amesimama, anashika kichwa, na miguuni pake kuna viatu viwili vyeusi vinavyong'aa, vimefungwa pamoja kwa kamba, tayari kuchukuliwa na mwenyewe. Msichana yuko mbele yake na kidole amekinyoosha.

"Rudia!" fundi akamwambia. "Rudia ticha asikie!"

"Nimesema, mzee, hivyo viatu vyote ni vya mguu wa kushoto."

Na kweli! Alikuwa ameshona viatu vya wateja wawili na kuviunganisha visivyo. Siku zote hizo za kusimama kimya, mtoto alikuwa akitazama kazi ya mzee kuliko mzee mwenyewe. Nilimnyanyua juu nikazunguka naye pale uani, na watoto wote wakamwagika nje wakacheza, wengi wao bila kujua tunachezea nini. Wakati nampeleka ndani akaniambia sikioni, kama aliyekumbuka kazi yake, kwamba ni saa nne na robo.

Basi, ukifungua bomba lililofungwa miaka saba, lazima utaloa. Wiki iliyofuata mama alifika ukumbini asubuhi, leso imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana, mtoto anaburutwa nyuma. Jana yake mzee wa kanisa alikuwa amewatembelea, akaomba dua ya chakula. Katikati ya dua, mtoto akamwambia aombe haraka, chakula kinapoa.

"Mzee wa kanisa, Mwalimu! Nyumbani kwangu! Nilikuletea mtoto ana adabu, umenirudishia mtoto ana mdomo!"

"Na chakula kilikuwa hakipoi?" nikamjibu. Nimeshasema hasira zangu haziko mbali.

Mama akaikaza leso yake. Akamshika mtoto mkono, wakaondoka, na nilimwona mtoto akigeuka kunitazama mpaka walipopotea kwenye kona. Nafasi yake kwenye mkeka ilibaki wazi siku tatu. Siku ya tatu nikasikia kutoka kwa fundi wa viatu kwamba mama ameshanunua sanduku la safari.

Usiniulize nilijisikiaje. Niliacha watoto na mama aliyetupikia uji, nikaenda kibandani.

"Mama, nimekosa," nikamwambia. "Nimemfundisha mtoto kusema, sikumfundisha namna ya kusema. Kazi nimeifanya nusu. Nipe nimalize."

Alinyunyizia sukuma maji. Akazigeuza, akazinyunyizia upande wa pili.

"Nipe mpaka siku ya kuandikishwa," nikaendelea. "Wakimkataa, sanduku nitalibeba mimi kwa kichwa hiki mpaka stesheni ya kantri basi."

"Na akimwambia hedimasta amenenepa?"

"Tutalia pamoja."

Akajaribu kununa, kicheko kikamtoka. Kesho yake mtoto akarudi, na tangu siku hiyo hakuna aliyetumwa kwa fundi bila kuanza na "samahani" na kumaliza na "asante." Tuliigiza wageni. Tuliigiza daktari. Tuliigiza mtu mzima anayekosea, na namna ya kumweleza bila kumvunjia heshima, na nakuambia hilo hata watu wazima wengi hawaliwezi.

Januari ikafika, nikawasindikiza. Foleni ya shule ilizunguka uwanja, watoto wamepakwa mafuta wakang'aa, akina mama wameshika karatasi za kliniki. Hedimasta alikaa barazani na meza yake, rejista mbele, penseli mkononi. Kabla ya maswali kulikuwa na kipimo ambacho kila mtu wa rika letu anakijua: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukifika, umekomaa. Usipofika, rudi nyumbani. Nilikuwa nimemfundisha mengi yule mtoto, lakini mkono siwezi kuurefusha.

Akapitisha mkono. Vidole vikaishia kwenye nywele, juu ya sikio. Akajinyoosha, akainamisha shingo. Wapi!

"Huyu bado," hedimasta akasema bila kuinua macho. "Mwaka ujao. Anayefuata!"

Mama akaangalia chini. Akamshika mtoto mkono, akageuka kuondoka, hata hakunitazama. Damu ilinipanda kichwani. Nilishafungua mdomo, na Mungu ndiye anayejua ningesema nini, lakini nikasikia sauti ndogo mbele yangu.

"Samahani, Mwalimu. Mimi nina miaka saba na nusu. Ni mkono ndio mfupi. Tafadhali niulize maneno mengine."

Hedimasta akainua macho. "Maneno gani?"

"Yoyote."

Watu wa karibu wakacheka, naye akatabasamu kidogo. Akamwuliza jina, akapewa majina yote matatu. Akamwuliza anakaa wapi, akaelezwa njia yote, tangu geti, kupita bomba la maji, mpaka rangi ya mlango. Akamwambia ahesabu, na ikabidi amwambie inatosha.

"Na ukiwa darasani, mwalimu afundishe kitu usichokielewa, utafanya nini?"

"Nitamwuliza."

"Na usipoelewa tena?"

"Nitamwuliza tena. Lakini asinipigie kelele, nikipigiwa kelele nasahau."

Macho yangu yakajaa pale pale, na sikuyapangusa. Hedimasta akavuta rejista karibu. Akamgeukia mama, ambaye bado alikuwa anatazama sakafu ya baraza.

"Mama, huyu mtoto ni mwerevu. Kwa nini hukumleta mwaka jana?"

Niliona vidole vya mama vikikunja ncha ya leso. Kisha akainua uso, polepole, akamtazama mtu yule machoni.

"Nilimleta, Mwalimu. Kwenye meza hii hii. Ulimwuliza mara moja, ukaniambia ana shida kichwani." Akapiga hatua moja karibu na meza. "Nimelala na hilo neno mwaka mzima. Samahani, lakini nataka uniambie: shida ilikuwa kwenye kichwa cha nani?"

Nilidhani tumeharibu kila kitu. Hedimasta alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nisamehe, mama," akasema. Akainama juu ya rejista akaanza kuandika jina la mtoto.

"Asante," mama akamwambia. "Lakini hiyo ni penseli. Tafadhali, andika kwa wino."

Akaiweka penseli chini, akamwomba karani kalamu.