Mwavuli wa Mgiriki

Baba yangu alikuwa mkwezi. Pale Kigombe na vijiji vya jirani, mwenye minazi akitaka kuangua nazi zake alimwita yeye kwanza, na akikosekana yeye ndipo aliwatafuta wengine. Kaka zangu wawili walimfuata katika kazi hiyo kabla hawajaota ndevu. Mimi nilikuwa wa tatu, na mimi nilikuwa naogopa kwenda juu.

Haukuwa woga wa kuchekesha. Nikifika kimo cha paa la nyumba, magoti yalilegea, viganja vikaloa jasho, na kitu kifuani kikaanza kuniambia niachie. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Niliamini kabisa kwamba siku moja nitafungua mikono mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Nilipokuwa kijana wa kutosha kuoa, baba aliniambia nipande mnazi mmoja nyuma ya msikiti, mbele ya jamaa waliokuja kwenye arusi ya kaka yangu. Nadhani alitaka kuninyoosha. Nilifika katikati nikaganda. Sikuweza kupanda wala kushuka, na sikuweza kujibu nilipoitwa. Mwisho baba alikwea, akaniweka begani kama gunia, akanishusha. Jamaa walicheka kidogo tu, kwa adabu, na adabu ile iliniuma zaidi ya matusi.

Mwezi uliofuata nilihamia Tanga mjini. Nilipanga chumba mtaa wa Mabawa, nikapata kazi kwa Mgiriki mmoja kijana, mpwa wa tajiri wa shamba la mkonge. Alikuwa na ndege ndogo ya bawa la juu aliyoitumia kuwazungusha mabwana kutoka shamba hadi shamba. Kazi yangu ilikuwa kuiosha, kuijaza petroli kutoka kwenye mapipa na kufukuza mbuzi njiani inapotaka kuruka. Ilikuwa kazi ya ardhini, nami nilishukuru.

Siku aliyoniambia nipande ngazi nifute vumbi juu ya bawa, ndipo alipojua. Aliniona nimeikumbatia ile ngazi kama mgonjwa aliyeshika nguzo ya kitanda. Nilidhani atanifukuza kazi. Badala yake aliketi juu ya pipa, akawasha sigara, akanieleza kwa Kiswahili chake cha shambani kwamba yeye naye alikuwa hivyo. Wakati wa vita walimpeleka jangwani kufundishwa kuruka kutoka kwenye ndege, akalia usiku mzima. Aliporuka mara ya kwanza, alisema, woga ulibaki kule juu na yeye akashuka peke yake. Mwavuli wake wa vita alikuwa nao bado, kwenye sanduku la bati nyumbani kwa mjomba wake.

"Ruka mara moja," aliniambia. "Mara moja tu. Baadaye ngazi itakuwa kama kiti."

Nilimwamini. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia neno kama hilo, na huyu aliyelisema alikuwa na ndege.

Wakati huo nilikuwa nimeposa Usagara, mtaa wa pale pale mjini, binti wa fundi wa kushona. Habari za mnazi zilikuwa zimeshafika kwao. Mchumba wangu hakuzijali, lakini nilijua zinasemwa, na nilijua zitasemwa siku ya arusi yangu kama zilivyosemwa kwenye ile ya kaka. Nilipomweleza habari ya mwavuli, alidhani nazungumzia mwavuli wa mvua. Nilipomfafanulia, akaniambia kama nafanya kwa ajili yake nisifanye. Nikamwambia nafanya kwa ajili yangu. Ilikuwa kweli nusu.

Mazoezi yalianza kwa kuruka kutoka nyuma ya lori, miguu pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, na kubingiria mchangani. Hayo niliyaweza. Kisha tukahamia kwenye paa la stoo, na hapo nikakwama. Jioni baada ya jioni nilikaa ukingoni mwa bati lile huku Mgiriki akinisubiri chini. Mwanzoni alinitia moyo, baadaye akawa anatazama saa yake. Nilijichukia. Nilikuwa natoka pale nimechoka kama mtu aliyelima, na sikuwa nimefanya lolote isipokuwa kukaa. Jioni moja kipande cha bati kilipasuka chini yangu, nikaanguka, nikatua vizuri kama nilivyofundishwa. Mgiriki alipiga makofi, akasema nimefuzu. Nilijaribu kumweleza kwamba sikuruka. Alikwisha kwenda kuwasha gari.

Tukapanga siku. Wazungu wa mjini walikuwa na maonyesho yao ya mwaka, na Mgiriki alitaka nishuke katikati ya uwanja watu wakitazama. Nikapeleka habari Kigombe. Sikutegemea baba angekuja, lakini alikuja, amevaa kanzu yake ya Idi, pamoja na mama na kaka zangu wote wawili. Walisimama nyuma ya kamba, upande wa watu weusi, tangu asubuhi. Upepo ulikuwa mkali siku ile. Mgiriki alitazama miti, akatikisa kichwa, akasema hapana. Nikaenda kuwaambia. Baba alitazama mbingu, akaniambia katika upepo ule mkwezi angepanda. Kisha wakaondoka kuwahi basi.

Ikapangwa siku nyingine. Injini ikakataa, ikabidi kipuri kiagizwe kutoka Nairobi. Safari hiyo walikuja mama na kaka mmoja. Siku ya tatu ndege ilikuwa nzima, upepo umetulia, nami tangu alfajiri nilikuwa nimekwisha kutapika, kwa hiyo nilikuwa tayari. Ndipo akaja Mwingereza aliyesimamia uwanja. Alizungumza na Mgiriki pembeni kwa muda mrefu. Sikusikia yote, lakini sikuhitaji. Mzungu akitaka kuvunja shingo yake, hilo ni lake. Mwafrika akivunjika, maswali yatamfuata yeye mwenye uwanja. Akakataza, siku ile na siku nyingine zote. Sikuulizwa neno, ingawa shingo yenyewe ilikuwa yangu.

Safari hiyo kutoka Kigombe hakuja mtu.

Nilikuwa na hasira ambazo sikujua pa kuziweka. Ajabu ni kwamba kila siku ilipoahirishwa, kitu ndani yangu kilipumua kwa raha, na hicho ndicho nilichokikasirikia zaidi ya upepo, zaidi ya Mwingereza. Nilimwambia Mgiriki tuache. Yeye ndiye aliyekataa. Naye alikuwa amekasirika, kwa sababu zake. Akasema mjomba wake ana uwanja mdogo shambani, upande wa barabara ya Pangani, na pale hakuna wa kumkataza.

Basi tukaenda siku ya kazi, asubuhi, bila kumwambia mtu. Mlango wa ndege aliung'oa akauacha chini. Alinifunga mwavuli mgongoni, akavuta mikanda mpaka nikashindwa kusimama wima. Kamba moja ya mwavuli aliifunga kwenye chuma cha kiti. Hiyo, alisema, itaufungua yenyewe. Kazi yangu ni kutoka tu.

Tulipopaa sikutazama nje. Nilitazama skrubu moja kwenye sakafu, na mpaka leo naweza kuichora. Mgiriki aliponigusa bega nilijua maana yake. Nikatoa mguu nje nikaukanyaga ubao wa kukanyagia, nikakamata kwa mikono yote miwili chuma kinachoshikilia bawa. Upepo ulinipiga usoni hata nikashindwa kuvuta pumzi. Chini niliona mkonge umepangwa mistari mistari, umefika hadi macho yanapoishia, na bomba la moshi la korona, mtambo wa kuchana mkonge, likiwa dogo kama kidole.

Nikaganda. Ilikuwa ile ile ya nyuma ya msikiti, ila sasa hapakuwa na mtu wa kunibeba. Mgiriki alizunguka shamba. Akazunguka tena. Akapunguza nguvu ya injini ili nimsikie.

"Ruka, au rudi ndani," alisema. "Lakini sitakuleta tena."

Nataka kusema kwamba hapo niliamua. Nimeisimulia hivyo mara nyingi, na kila nikisimulia naona haya, kwa sababu sijui. Nakumbuka vidole vyangu vikiwa kwenye chuma, kisha nakumbuka havipo. Labda niliachia. Labda mkono ulichoka. Mgiriki alisema aliniona nikiruka vizuri, lakini huyu ndiye aliyesema niliruka kutoka kwenye paa la stoo.

Kulikuwa na kuanguka, kufupi. Kisha nikavutwa juu kwa nguvu na mikanda ikanibana mapajani nikapiga ukelele. Halafu kimya. Watu huniuliza niliona nini. Niliona viatu vyangu. Nilifumbua macho mara mbili tatu. Mara moja niliona bahari kwa mbali na nikajisemea kwamba Kigombe iko kule, nikafumba tena. Raha niliyoahidiwa sikuiona. Nilikuwa nimening'inia kama nyama buchani, nikingoja iishe.

Nikatua katikati ya mkonge. Mwiba mmoja ulinichoma pajani, kifundo cha mguu kikateguka. Manamba, vibarua wa mkataba waliokuwa wakikata majani jirani, walikuja mbio. Walikuwa watu wa bara, na Kiswahili chao kilikuwa kichache, nami lugha yao sikuijua. Walinikwamua, wakakunja kile kitambaa cheupe kwa uangalifu kuliko mimi mwenyewe, na mmoja akanishika mkono akautikisa muda mrefu huku akicheka. Hao ndio mashahidi wangu. Nilipokwenda kuwatafuta baadaye, mkataba wao ulikuwa umekwisha, wamerudishwa kwao.

Mgiriki alifurahi sana, akanipa sigara, kisha akakumbuka kitu akaacha kutabasamu. Akaniambia nisilitangaze jambo lile mjini. Mwingereza akisikia, ndege itafungiwa. Kwa hiyo nilirudi Mabawa nikichechemea, na wenzangu wa nyumba waliponiuliza nimepatwa na nini, nikasema nimeteleza kisimani.

Kwa baba sikuweza kunyamaza. Ijumaa iliyofuata nilikwenda Kigombe, nikamkuta uani ananoa panga lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikakaa chini, nikamweleza yote: ndege, mlango uliong'olewa, mkonge, manamba. Nilimwonyesha kidonda cha mwiba. Alisikiliza hadi mwisho huku jiwe la kunolea likienda na kurudi.

"Ndege ilikupandisha," alisema, "wewe ukashuka."

"Ndiyo, baba."

"Kushuka kila mtu anaweza, mwanangu."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akinieleza mambo ya kazi yake, kama anavyomweleza mtu kwamba mnazi huu umeoza moyo. Nilinyanyuka nikatoka uani. Nilikwenda moja kwa moja hadi mnazi wa kwanza niliouona, na mguu wangu mbovu, nikaanza kupanda. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba woga umebaki kule juu. Nilipofika kimo cha paa, ukanipokea pale pale nilipouacha zamani, magoti, viganja, na ile sauti. Haukupungua hata kidogo. Nilitapika nikiwa nimekumbatia shina. Kisha nikashuka, taratibu, kipandio kwa kipandio, ngozi ya kifua ikichunika. Nilipofika chini baba alikuwa amesimama karibu, panga mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Aliniuliza kama nitakula pale au narudi mjini. Nikamwambia narudi mjini.

Arusi yangu ilipita salama. Nilichoogopa kisemwe kilisemwa, na nikacheka pamoja nao. Mgiriki aliuza ndege mwaka uliofuata, akaenda kwao, nami nikapata kazi kwenye maghala ya bandari. Mke wangu aliniamini tangu siku ya kwanza, bila ushahidi wowote, na kwa miaka mingi jambo hilo lilinikera, maana nilitaka aamini kwa sababu. Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala na sisi tumekaa barazani, nilimuuliza kwa nini hakutia shaka hata kidogo.

"Ungekuwa unadanganya," alisema, "ungesema ulifurahi."

Nikamwambia kuna mengine sijamweleza, kwamba sijui kama niliruka au niliachia. Akaniuliza tofauti yake ni nini. Nilianza kumweleza, nikaona naanza kupandisha sauti, nikaacha. Yeye akaingia ndani kutandika kitanda, nami nikabaki nje bado natafuta jibu la kumpa.