Maziwa ya Eddo Habiba

Hebu vuta picha ya mtoto wa miaka miwili ameketi mlangoni mwa kibanda cha mikeka, nje kidogo ya Bute, kaskazini mwa Kenya. Nzi wanamtembea usoni, naye hainui mkono kuwafukuza. Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya tisini, huyo alikuwa mdogo wangu Yusuf.

Wakati wa mvua alikuwa na mashavu ya kufinywa. Ngamia walilala karibu, na maziwa yalipatikana asubuhi na jioni. Kisha kikaja kiangazi kirefu, jilali. Baba akawapeleka ngamia mbali kutafuta malisho, na maziwa yakaenda nao. Yusuf akabakia na chai ya rangi na uji wa mahindi ambao aliuonja tu na kuuacha.

Bibi yetu, Ayeyo, hakulaumu kiangazi. Alimlaumu jirani yetu Habiba, mwanamke asiyejaliwa mtoto, ambaye sisi watoto tulimwita Eddo, yaani shangazi. Mvua zilipokuwa zikinyesha, Habiba alimnyanyua Yusuf akacheka, "Tazameni kitambi cha chifu!" Hakusema mashallah. Kwetu, mtoto anayesifiwa hivyo huliwa na jicho polepole. Tangu siku ile Habiba hakukaribishwa kwetu, ingawa hata katika kiangazi kile mbuzi wake mmoja bado alikuwa akitoa maziwa.

Asubuhi moja Yusuf alikataa hata chai. Shingo yake ilishindwa kubeba kichwa.

"Ayeyo, tumwite," mama akasema kwa sauti ndogo. "Aliyelitia jicho ndiye huliondoa."

Nikatumwa kwa Habiba na kikombe cha maji. Dawa yenyewe ni hiyo: mwenye jicho atemee mate kidogo majini, mgonjwa anywe. Lakini kukipokea kikombe ni kukubali, mbele ya kijiji kizima, kwamba jicho ni lako. Nilijua Habiba akikataa, Yusuf hatapona.

Akamwaga maji mchangani. Kisha akachuchumaa, akamkamua mbuzi wake, akatema mate kidogo juu ya povu, akakileta kikombe mwenyewe.

"Niliomba maji!" Ayeyo akafoka.

"Jicho langu ni kali, Ayeyo. Maji hayaliwezi. Wala halitoki kwa siku moja. Nitakuja kila asubuhi mpaka mvua inyeshe."

"Kwa hiyo umekiri?"

"Mnyweshe mtoto kwanza. Matusi yako nitayasubiri hapa hapa."

Ayeyo akakiinua kile kichwa kidogo. Yusuf akameza, akakohoa, akameza tena.

Habiba alileta kikombe cha maziwa kila asubuhi mpaka mvua iliponyesha. Leo Yusuf ana watoto wake. Habiba aliishi na jina la mwenye jicho hadi alipofariki. Wanawake kisimani waliwafunika watoto kila alipopita.

Nimefundisha watoto miaka mingi, na kila jilali nayaona mashavu ya wadogo zao yakinywea. Wazazi wakiniambia ni jicho, sibishani nao. Nawauliza ngamia wako wapi. Nawe nakuomba ukumbuke jambo moja tu: maziwa yanapofuata malisho, mtoto mdogo hana miguu ya kuyafuata.