Kaburi la Mgomba

Nyuma ya nyumba yetu ya Mbagala, kati ya choo cha zamani na ukuta wa jirani, palikuwa na kaburi la baba yangu, na ndani ya kaburi hilo baba hakuwemo. Nalisema hili mapema ili baadaye nisije nikaambiwa nimeficha. Ndani yake ulizikwa mgomba.

Baba alikuwa kuli bandarini, Kurasini, na jioni alifanya mazoezi ya mgambo kama vijana wengi wa wakati ule. Vita vya Kagera vilipoanza mgambo waliitwa, naye akaenda. Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi minne. Alimsindikiza mpaka mahali walipokusanyika, akarudi nyumbani na viatu vyake vya kazini mkononi, kwa kuwa jeshini angepewa vingine. Barua zilikuja mbili. Baada ya hapo alikuja mtu, mgeni kabisa, akasema baba ameuawa huko mbele, ng'ambo ya mpaka, na wenzake wamemzika palepale alipoangukia kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Palepale ni wapi, yule mtu hakujua.

Mama alikaa na habari hiyo siku nyingi bila kulia. Bibi, mama yake mzazi, alisafiri kutoka bara akamkuta ameketi mlangoni na tumbo lake, anatazama njia. Kwetu, kunakolimwa migomba, mtu akifia ugenini na mwili usipatikane, hukatwa mgomba wenye urefu wake, ukaoshwa, ukavishwa sanda, ukalazwa kaburini kama mtu, na watu wakalia kama wanavyomlilia mtu. Si mchezo wala si uchawi. Wazee wanasema marehemu asiye na kaburi huwaweka walio hai mlangoni maisha yao yote. Basi bibi akaukata mgomba uliokuwa uani, na mama akaupima kwa mikono yake, maana yeye ndiye aliyejua kimo cha mumewe. Majirani Wazaramo, ambao desturi hiyo hawakuwa nayo, walikuja na majembe wakachimba bila kuuliza. Bibi alikuwa akinisimulia kwamba siku ile mama alilia mpaka sauti ikakauka, na kesho yake akaomba chakula.

Nilikua nikiliona kaburi lile kila nilipokwenda kuoga. Kila Jumapili, akitoka kanisani, mama alivua viatu, akalifagia, akayamwagilia maua meupe aliyoyapanda upande wa kichwani, kisha akavuta kigoda na kumpa mumewe habari za wiki. Nani kaolewa, nani kafa, mimi nimefanya utundu gani. Siku ya Mashujaa, wakubwa wakiweka mashada kwenye mnara na televisheni ikionyesha, yeye aliizima akaenda kukaa nyuma. Nilimuuliza mara moja kwa nini hataki kuangalia.

"Pale wanawakumbuka wote kwa pamoja," akanijibu. "Mie wangu ni mmoja."

Nisiwe mnafiki: mimi kaburi lile lilinitia aibu. Shuleni waliniita mtoto wa mgomba, nami, mtoto wa kike, nilijifunza kurusha mawe vizuri kuliko nilivyojifunza hesabu. Nilipokuwa mtu mzima aibu ikageuka kuwa kile kiburi cha mtu aliyesoma kidogo. Ndoa ilipovunjika nikarudi kuishi na mama, na siku za Jumapili nikimsikia anazungumza kule nyuma nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Tena kazi yangu nayo ilinipa kichwa. Miaka ishirini na kitu sasa mimi ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, huko huko Kurasini alikobeba magunia baba. Kazi yenyewe ni kuandika kilichomo ndani ya kontena. Si kinachosemwa kimo, wala si kile ambacho mwenye mzigo angependa kiwemo. Ukiandika matairi na kontena likifunguliwa yakakutwa majokofu, umekwisha. Kazi hii imenilisha, lakini ulimi wangu imeuharibu.

Mwaka jana barabara mpya ikapangwa kupita nyuma ya nyumba zetu. Nyumba ilipona, ila uani kote kukapigwa alama za X nyekundu. Wakaja watu wa tathmini. Aliyeingia kwetu alikuwa kijana mstaarabu, kishikwambi mkononi, akamwamkia mama shikamoo kabla hajagusa chochote, kisha akazunguka nami akihesabu minazi, choo na ukuta. Mtaani kulikuwa na maneno kwamba upande wa pili kuna watu wamejenga makaburi ya uongo ili walipwe fidia, nami nilijiambia kwamba sisi hatutakuwa watu wa namna hiyo. Tukafika kaburini. Akauliza, kwa adabu kabisa, amezikwa nani.

Ningesema "baba yangu", maneno mawili tu, angeandika na kuendelea. Mama alikuwa jikoni, dirisha wazi, hatua kumi kutoka tuliposimama.

"Humo hamna mtu," nikamwambia. "Ni mgomba tu."

Nikamweleza yote, na Mungu anisamehe, nilikuwa najisikia vizuri. Nilijiona mkweli. Kijana akanishukuru, akagusa kioo chake mara mbili, na kaburi la baba likatoka kwenye orodha. Wanasema mdomo huponza kichwa, ila wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Kijana alipoondoka mama akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga. Hakupaza sauti. Heri angenipiga kofi.

"Wa kwanza kuja kuniambia hayupo alikuwa mgeni," akasema. "Wa pili ni wewe."

Kuanzia hapo hakuniongelesha. Chakula alinipikia, akakifunika kwa kawa mezani kama siku zote. Nikimwamkia shikamoo alinijibu marahaba, kwa sababu shikamoo hainyimwi jibu, na maneno yakaishia hapo. Hayo ningeyavumilia, mama yangu ni mwepesi wa kununa na mimi ni hodari wa kusubiri. Lakini Jumapili hakwenda kufagia. Alitoa kigoda uani, akakiweka mlango wa mbele, akaketi anatazama njia. Jumatatu nilimwacha hapo asubuhi nikamkuta hapo jioni, na sahani yake ya mchana imejaa nzi. Ana miaka sabini na mitano. Nikaona kazi aliyoifanya bibi kwa jembe na machozi nimeifuta kwa sentensi moja, na kwamba mama akiendelea hivi nitamzika kabla ya Krismasi.

Kazini nikaanza kukosea. Bosi wangu, mwenye kampuni, ni mzee wa Kihindi, Mshia, mzaliwa wa hapa hapa Dar kama baba yake na babu yake. Ni mkali kwenye makaratasi kuliko mimi. Nilipomwandikia nguo za mitumba kwenye mzigo wa vigae akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akauliza nina nini. Nikamsimulia. Nilipofika kwenye mgomba nikajilazimisha kutabasamu, ili akitaka kucheka tucheke wote. Hakucheka. Alivua miwani akaiweka juu ya mafaili.

"Dada, sie kila Muharram tunabeba jeneza," akasema. "Mie nalibeba tangu nina miaka kumi na tano. Waliouawa vitani kule Karbala wamezikwa mbali, tena zamani sana. Ndani hamna mtu, kila aliyepo anajua, na tunalia mpaka shati zinalowa. Sasa ungenisimamisha njiani ukaniambia jeneza ni tupu, ungekuwa umenifundisha nini?"

Nilimwangalia yule mzee, ambaye nimebishana naye miaka yote hiyo juu ya uzito na vipimo, nikamwonea haya hata nikashindwa kuinuka. Yeye akavaa miwani yake, akanirudishia faili la vigae nilirekebishe, akaniambia nikimaliza niende nyumbani nikashughulikie mambo ya mzee wangu, na nisirudi mpaka yaishe.

Nilikwenda kwanza kumtafuta yule kijana wa tathmini. Alinisikiliza, akasikitika kweli. Orodha ilikuwa imekwisha kufungwa, akasema, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema hamna mtu. Ila akanipa njia: kabla tingatinga halijaingia, familia inaweza kuhamisha kaburi lake kwa nguvu zake, kwa barua ya serikali ya mtaa na mbele ya afisa afya, na nafasi tungepata kwenye makaburi mapya walikokuwa wanahamishiwa marehemu wa majirani. Mwenyekiti wa mtaa, mwanamke wa rika langu aliyesoma nami na kuniita mtoto wa mgomba enzi hizo, aliandika barua huku mimi nikimtamkia. Kuhamisha kaburi la baba yangu mzazi. Aliandika hivyo hivyo, akagonga muhuri, na wala hakuniangalia kwa jicho la pembeni.

Nikamkuta mama mlangoni. Nikapiga magoti pale barazani, na magoti yangu siku hizi si ya kupigwapigwa. Nikamwambia nimekosa, na kwamba Jumamosi tunamhamisha. Aliendelea kutazama njia. Lakini jioni nilisikia kifuniko cha sanduku lake la bati, na asubuhi nikakuta shuka jeupe jipya limefuliwa, linakauka peke yake kwenye kamba.

Wiki ile makaburi ya majirani yalikuwa yanahamishwa, na kila mtaa ulikuwa na hadithi yake. Huyu alikuta mifupa ya shangazi mizima kabisa, yule alimtambua kaka kwa jino. Kila nyumba ilikuwa na kitu ilichokiona. Sikulala vizuri hata siku moja. Miaka arobaini na kitu ardhini, mgomba hata mwaka haumalizi. Nilijua watachimba na hawatakuta kitu, na mama atakuwa amekaa palepale, macho wazi, na safari hii hata mimi sitahitaji kusema. Shimo lenyewe litasema.

Jumamosi asubuhi wakaja wachimbaji wawili, afisa afya, mwenyekiti, katekista wetu na majirani wachache. Mama alitandikiwa mkeka kivulini mwa ukuta. Katekista akasali. Wakaanza.

Udongo wa Mbagala ni mchanga, mwekundu juu na unazidi kupauka kadiri unavyoshuka. Walichimba mpaka magotini, mpaka mapajani, mchanga mtupu. Nilisimama ukingoni nimejikumbatia. Walipofika kiunoni yule mchimbaji mkubwa akanyoosha mkono kumzuia mwenzake. Akaweka koleo pembeni, akainama, akaanza kupangusa kwa viganja. Katikati ya mchanga ule uliopauka kulikuwa na udongo mweusi, laini, wenye unyevu, umelala kwa urefu, upana wa mabega ya mtu. Mwanzo wake ulionekana na mwisho wake ulionekana. Ulikuwa na kimo.

Sikumwambia mchimbaji habari ya mgomba, na kama alikwisha kuisikia mtaani hakuonyesha. Alitazama juu, akamtafuta mama kwa macho.

"Huyu hapa, mama," akasema. "Nipeni shuka."

Akauzoa udongo ule kwa mikono, taratibu, kuanzia upande mmoja hadi mwingine, bila kuuchanganya na mchanga. Afisa afya aliandika kitu kwenye karatasi yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kusoma kilichoandikwa.

Shuka likafungwa. Jirani mmoja alikuwa ameleta kisanduku cha mbao kama vile walivyotumia wao, mama akatikisa kichwa kukikataa. Basi mchimbaji akainua ule mzigo kutoka shimoni na kunipa mimi, kwa sababu mimi ndiye mtoto. Ulikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Baba alikufa na miaka ishirini na sita. Leo ningeweza kumzaa. Hakunipakata hata siku moja, hakuwahi kujua kama nimezaliwa wa kike au wa kiume, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu nimeiambia serikali kwamba yeye si mtu. Nililia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinanitoka, mbele ya afisa afya na mwenyekiti wa mtaa, na sikuwa na mkono wa kujifutia.

Nilikuwa nimelikumbatia shuka kifuani ovyo, kama mafaili ya ofisini, upande mmoja umening'inia. Mama akainuka kwenye mkeka peke yake, akaja mpaka niliposimama. Akaangalia nilivyoshika. Akakamata kiwiko changu cha kushoto, akakisogeza, akakiingiza chini ya fundo la shuka.

"Kichwa kipo huku, mwanangu," akasema. "Mpakate vizuri."

Nikampakata vizuri, tukatoka naye.