Ukweni Hakuendwi Mikono Mitupu

Redio ilisema ni upepo mkali. Upepo mkali gani unang'oa paa la shule na kulitupa kwenye shamba la mtu, unalaza nguzo za stima, halafu unamalizia na mvua ya mawe? Sisi tulioamka Kitale asubuhi ile tuliuita kimbunga, na sijaona mtu wa kutusahihisha. Stima ilipotea, mtandao wa simu ukawa wa kubahatisha, na kila duka lililothubutu kufungua lilikuwa na watu nje, mifuko kwapani, nyuso zimekunjwa.

Siku ya pili, kabla jua halijapanda, simu ya mke wangu ikalia. Alikuwa jirani ya mama yake, kule upande wa Chwele. Mama mkwe wangu anaugua kisukari, na huyu jirani ndiye humchoma sindano ya insulini asubuhi na jioni, maana macho ya mama hayaoni tena ile mistari midogo ya kupimia dawa. Jirani aliongea mbiombio kabla mtandao haujakatika. Paa la mama limekwenda. Kabati limeanguka, chupa ya dawa imevunjika, na tangu usiku ule wa upepo mama hajachomwa. Yeye jirani nyumba yake pia imeanguka, na hapo alipo yuko njiani anapeleka watoto kwa kaka yake Naitiri. Alimwomba mama waondoke pamoja, mama akakataa, ati hawezi kuacha kuku wake.

Mke wangu alikuwa na mtoto wa siku tisa kifuani. Kaka zake wako Nairobi. Hapo hakuna kura ya kupigwa, ni mimi.

Lakini mimi ni mkwe. Sisi Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, siingii mahali alipoketi. Miaka kumi na moja ya ndoa, mama mkwe wangu nilikuwa namjua kwa mgongo tu. Nikitokea njiani, yeye huyo, ameingia kwenye mahindi. Akitaka kuniambia neno, anamwambia mtu, na huyo mtu ananirudishia, hata kama tumeachana hatua tano na nimesikia kila kitu. Sikuwahi kuona ubaya wake. Ni heshima, na kusema kweli nilikuwa naipenda, kwa sababu mama mkwe asiyekusemesha hawezi kukugombeza.

Mke wangu aliniambia maneno machache tu, na aliyarudia mara mbili nikifunga viatu: "Peleka dawa kwanza. Hayo mengine ni baadaye."

Nikasema sawa.

Mimi nauza dawa za mifugo, kwa hiyo wenye maduka ya dawa mjini ni watu tunaojuana. Nilimpata mmoja mwenye jenereta, akaniwekea chupa ya insulini na mabomba ya sindano kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu chini, kitambaa katikati ili dawa isigande. Akanionyesha mstari wa kufikia. Nyama ya juu ya mkono, akasema, unaifinya hivi, unachoma. Na asichomwe kabla hajala, hata kama ni kipande cha mkate. Nikamwambia nimechoma ng'ombe, mbuzi na mbwa wakali wa watu, hiyo si kazi. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Mwenye akili angekuwa barabarani saa tatu.

Mimi nikaenda kutafuta sukari.

Usinicheke. Tangu nikiwa mtoto nimelishwa neno moja: ukweni hakuendwi mikono mitupu. Sukari kilo mbili, majani ya chai, mkate, mafuta, sabuni. Bila hivyo wewe si mkwe, wewe ni mtu aliyekuja kuhesabu kuku. Na kufika mikono mitupu siku ambayo nyumba ya mama imeezuliwa paa, siku ambayo kijiji kizima kiko nje kinatazama nani ameleta nini, hiyo ni aibu ambayo ingenizika. Nilijipa dakika kumi. Mkate ulikuwa wa lazima hata hivyo, si mwenye duka la dawa amesema ale? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Duka lililokuwa wazi ni la mzee mmoja wa Kihindi mwenye kilemba, ambaye babu yake aliuza kwenye kaunta ileile. Alikuwa ameinua mlango wa chuma nusu, anauza kwa chini, kila mtu kilo mbili za sukari na mkate mmoja, pesa taslimu, maana kulipa kwa simu kumekufa. Foleni ilipita kwa kinyozi, ikapita kwa fundi wa viatu, ikakunja kona. Mbele yangu palikuwa na jerikeni. Jerikeni tupu ya manjano, imesimama kwenye foleni badala ya mtu. Mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara akinywa chai. Foleni ikisogea, anakuja, anaisukuma kwa mguu, anarudi kwa chai yake. Nikamuuliza kama jerikeni siku hizi inakunywa uji. Akanijibu kwamba imefika kabla yangu, na watu wakamuunga mkono bana, wakasema ni kweli, ilikuwa hapa. Nilishindwa na jerikeni.

Saa nne mkate ukaisha. Mzee wa kilemba akasema lori la mkate liko njiani. Watu wakabaki, nami nikabaki, kwa sababu ukishapoteza saa moja na nusu unaona uchungu kuziacha. Lori lilipofika foleni ilivunjika, kila mtu akakimbilia mlangoni, na ilipoundwa upya mimi nilikuwa nyuma ya pale nilipoanzia. Nilikuwa nimekasirika mpaka meno yanauma. Nilifungua chupa nikachungulia barafu, nikafunga. Mama mmoja nyuma yangu akaniuliza nimebeba nini kinachochunguliwa hivyo. Nikamfokea kwamba ni dawa ya sukari ya mama mkwe, yuko Chwele, hajachomwa tangu juzi, na sisi tumesimama hapa.

Akanitazama. "Mgonjwa wa sukari, na wewe umepanga foleni umnunulie sukari?"

Foleni nzima ikageuka. Nilijibu kwa hasira kwamba ajiulize mwenyewe, angekuwa mama mkwe angefurahi mkwe akija na mikono inaning'inia? Yule mama akafikiri kidogo, akasema hapo ni kweli, hata yeye asingefurahi. Wengine wakaitikia. Mwenye jerikeni akaongeza kwamba sukari hata asipotumia yeye, wageni watatumia. Hakuna hata mmoja, katika watu wote wale wenye akili timamu, aliyeniambia niondoke niende. Wangeniambia, ningekataa. Nasema hivi ili nisiwasingizie.

Niliondoka Kitale saa sita na nusu. Mpaka Kimilili nilipanda pikapu ya mfanyabiashara wa kabichi, nimekaa juu ya turubai, mfuko wa sukari, mkate na pakiti ya maziwa mgongoni, chupa ya dawa nimeifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Barabarani watu walikuwa wakikatakata miti iliyoanguka, na kila mti ulikuwa kituo. Kimilili nikachukua bodaboda. Kabla ya Chwele kalvati ya kijito ilikuwa imebebwa na maji, na wa bodaboda akasema yeye mwisho wake ni hapo. Nikavua viatu. Maji yalinifika kiunoni, jiwe likateleza, nikakaa chini. Chupa niliinua juu kwa mkono mmoja. Mkate na maziwa nilikuwa nimevifunga kwenye karatasi za nailoni. Sukari haikuwa na bahati hiyo. Nilipotoka ng'ambo ilikuwa ikinitiririka mgongoni mpaka kwenye nyayo, na nzi wa Chwele nzima wakanisindikiza mpaka ukweni. Nilitukana maneno ambayo siyaandiki.

Saa tisa na nusu nikaingia uani. Nyumba kubwa ilikuwa imebaki kuta, mbingu imeingia sebuleni. Jiko, kibanda kidogo cha pembeni, lilikuwa na paa bado. Nikakohoa, nikapiga hodi kwa mbali kama inavyotakiwa. Nilitazama huku na huku nipate wa kutusemesha. Hakuna. Nilipaza sauti kwa majirani, nikajibiwa na babu mmoja kutoka juu ya paa alilokuwa akilipigilia: kina mama wote wameenda kwa chifu kupewa unga, watarudi jioni.

Mle jikoni kitu kikajongea. Sauti ikatoka nyuma ya mlango wa mbao, dhaifu, imekauka.

"Kuku," ikasema, "mwambie huyo aliyekuja aweke dawa hapo nje, aende. Jirani akirudi atanichoma."

Pale mlangoni palikuwa na kuku mwekundu, amesimama kwa mguu mmoja. Nami, kwa heshima, nikamgeukia kuku. Nikamwambia kwamba jirani yuko Naitiri na haijulikani atarudi lini. Nikamwambia kwamba kuna mkate na maziwa, mama ale kwanza. Nikaviweka kwenye jiwe la kizingiti, nikarudi nyuma, nikatazama upande. Mlango ulifunguka kidogo, vikapotea. Nilisikia akila polepole, akipumzika kila baada ya tonge. Kando ya mlango niliona jerikeni mbili ndogo za maji, zote tupu, na mtungi umelazwa. Nikajua ni kiu ile ya sukari iliyopanda mwilini. Maji yote yale alikuwa ameyanywa mwenyewe kwa siku moja na nusu.

Nikamwambia kuku kwamba mimi naweza kumchoma mama.

"Kuku, mwambie mimi si ng'ombe."

Kwa siku nyingine ningecheka. Nilieleza tena, kwa kuku, kwamba nimefundishwa, kwamba nitafunga macho akitaka. Akakataa. Akasema mkwe hamshiki mama mkwe, hata mvua inyeshe mawe. Alisema bora angoje jioni wanawake warudi. Lakini sauti ilikuwa ikipungua, na neno la mwisho alilisema mara mbili, kama aliyesahau kwamba ameshalisema. Hapo nikaogopa. Nikiogopa mimi hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwacha kuku, nikausogelea mlango mpaka pua yangu ikagusa mbao.

"Mama," nikasema, "binti yako ana mtoto wa siku tisa. Nikirudi nimwambie nini? Kwamba mama yako amekufa kwa heshima?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita mama bila mtu katikati. Babu wa paani akaacha kupiga nyundo. Nilisimama pale, suruali imeanza kukauka na kuganda miguuni, nikiuchukia upepo, kalvati, foleni, na mila zote za waliotangulia.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono ukatoka, mtupu mpaka begani, uso umebaki gizani. Ulikuwa mkono wa mke wangu, ule ule, vidole vile vile vilivyopinda kidogo mwishoni, isipokuwa umekonda na ngozi imelegea. Nikaushika. Nilipima dawa mara tatu, nikafinya nyama kidogo iliyokuwepo, nikachoma. Hakulia. Nilipomaliza hakuurudisha mkono ndani.

"Umetoka Kitale saa ngapi?" akauliza. Sikuona kuku akihusishwa.

"Asubuhi, mama."

"Asubuhi, na unafika saa hizi?"

"Kulikuwa na foleni."

"Ya dawa?"

Nilitazama mkono wake ndani ya wangu.

"Ndiyo, mama. Ya dawa."

"Pole," akasema. "Pole sana. Umeteseka kwa ajili yangu."

Jioni ile tulipata pikapu ya mnunuzi wa nyanya, tukampeleka hospitali ya Bungoma, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na makreti. Walimlaza siku sita. Daktari alisema angepata dawa kabla ya saa sita mchana, huenda angetibiwa na kurudi nyumbani siku ileile. Hakuwa akinilaumu, alikuwa akieleza tu, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani.

Sasa nyumba ina paa jipya. Mama mkwe wangu haingii tena kwenye mahindi. Nikifika ananisubiri uani, ananyoosha mkono mbele ya watu, na wazee wakinung'unika anawanyamazisha. Kisha anawasimulia, kina mama wa kanisa, wageni, yeyote aliyepo: huyu mkwe wangu, siku ya kimbunga, alisimama kwenye foleni tangu asubuhi mpaka adhuhuri kunitafutia dawa, nani mwenye mkwe kama huyu? Wanaitikia kwamba hakuna. Mke wangu, aliyeniambia mara mbili dawa kwanza, husikiliza mpaka mwisho na kutazama mtoto. Mimi naushika mkono ule na kuinamisha kichwa, na wao wanasema, ona alivyo mnyenyekevu.