Ubeti wa Glavu

Mama Povu, aliyefua shuka za hospitali kwa miaka kumi na tisa, alisimamishwa kazi kwa kosa la kuimba. Dawa ya kung'arishia ilikuwa imemchuna vidole. Glavu ziliombwa hata maombi yakachakaa. Ndipo akaongeza ubeti katika wimbo ambao wafuaji huuimba wakikamua: "Shuka nyeupe, mikono myekundu."

Meneja akamwita. "Nani katunga wimbo huu wa uchochezi?"

"Ubeti wa mwisho ni wangu, bosi. Wimbo wenyewe niliukuta."

"Basi kamtafute mtunzi. Usipomleta, usirudi."

Mwingine angelia. Yeye alishikwa na hamu ya kujua. Miaka nenda miaka rudi wameuimba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ulikotoka! Akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, mfuaji mstaafu, aliyemwingiza kazini na kumrithisha wimbo.

"Miye mtunzi? Makubwa!" shangazi akacheka. "Nilitoka nao kiwanda cha pamba. Na kule uliletwa na wanawake waliovunja kokoto za reli. Sikiliza: sauti inapanda pale nyundo ilipopanda."

Akapiga kiganja pajani. Mama Povu akakamua shuka isiyokuwapo. Kweli, mikono ikapanda palepale.

"Sisi wa pamba tuliongeza wetu: 'Vumbi tumelila, maji tutayanywa lini?'"

"Mbona huo sijawahi kuusikia, shangazi?"

"Ungeusikia wapi? Bomba lilipowekwa, ubeti ukafa. Nani aimbe kiu na kikombe ki mkononi? Nawe mtoto una maswali kama karani wa sensa!"

Kesho yake Mama Povu alisimama tena mbele ya meza ya meneja.

"Mtunzi yuko wapi?"

"Ni wengi, bosi, na wengine wako kaburini. Lakini nimegundua ubeti hufutwa vipi." Akamsimulia habari ya bomba, neno kwa neno.

"Toka!"

Hadi leo yuko nyumbani, na wenzake wanauimba ubeti wake, mikono ikiwachonyota.

Enyi wakuu wa hospitali ile, wimbo uliovuka reli na pamba hautakomeshwa na barua ya onyo. Mrudisheni mama huyu kazini. Mpeni kila mfuaji glavu, wiki hii, si mwakani. Mkifanya hivyo, hamtahitaji kumfukuza mtu: ubeti utakufa wenyewe.